Rubani Mwenye Mguu wa Cherehani

Kila siku akitoka shule, Pini alipanda ngazi sitini na mbili mpaka ghorofa ya tatu, akavua viatu mlangoni, akala alichowekewa, halafu akaketi kwenye cherehani ya pili kushona pindo za sketi za sare. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Meza ya kukatia ilikuwa dirishani, cherehani mbili za umeme zilikuwa ukutani, na vipande vya kitambaa vilikuwa kila mahali, hata siku moja kimoja kilipatikana ndani ya kopo la sukari. Jina la Pini lilitoka humo humo sebuleni. Alikuwa mwembamba, maneno yake yalichoma, na alipokuwa mdogo alikuwa akipotea chini ya meza mpaka mtu amkanyage. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limeshamganda.

Kona moja tu ya sebule haikuwa ya mama. Hapo palikuwa na kompyuta ya kaka yake, kijana wa miaka kumi na saba aliyesoma chuo cha ufundi. Mkono wa kulia wa kiti chake kulikuwa na kijiti cha kuongozea ndege. Mkono wa kushoto kulikuwa na wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Chini ya meza kulikuwa na makanyagio mawili ya miguu. Kaka alicheza mchezo wa ndege za kivita, na si ule wa kubonyeza kitufe kimoja kila kitu kikalipuka. Huu uliiga ndege yenyewe hasa, hata kuwasha injini tu kulikuwa na hatua kumi na moja. Mwanzoni mama hakuupenda. Aliuliza waliomo ndani ya ndege zinazoangushwa wanakuwaje, kaka akamwonyesha miamvuli inayofunguka angani, na mama akarudi kwenye kazi yake akiwa ameridhika nusu.

Mwaka ule chuo kiliandaa mashindano ya mchezo huo. Kila ndege ingekuwa na watu wawili, hata kama mmoja tu ndiye mwanafunzi wa chuo, mbele rubani, nyuma msomaji wa rada ambaye pia ndiye anayerusha makombora. Jozi tatu za kwanza zingepelekwa chuo cha marubani kuingia ndani ya mashine ya kweli ya kufundishia. Kaka aliitamani mashine hiyo tangu akiwa na umri wa Pini. Alifanya mazoezi mwaka mzima pamoja na rafiki yake aliyeitwa Mrefu, kaka akiwa mbele na Mrefu nyuma. Halafu, zikiwa zimebaki wiki tatu, kaka alikwenda kumbadilishia shangazi taa ya dari, akateleza kwenye ngazi, akavunjika mguu.

Shangazi alijilaumu mpaka akawa anachosha. Kwa kuwa yeye aliishi chini, mtaa wa pili tu, na wao waliishi ghorofa ya tatu, alimchukua kaka akae kwake mpaka azoee magongo. Pini alipokwenda kumtazama, alimkuta mguu ukiwa ndani ya plasta, umewekwa juu ya mito minne, na uso umemshuka. Kwa mguu ule asingeweza kukanyaga chochote. Angeweza kukaa nyuma na kusoma rada, lakini nani angeendesha? Mrefu alikuwa tayari, ila Mrefu alikuwa akitua kama gunia linaloangushwa kutoka kwenye gari.

"Pini," kaka alisema, "wewe umenitazama miaka miwili. Unaweza kuendesha?"

"Naweza," Pini alijibu kabla hajafikiri.

Kaka hakuwa mjinga. Alimpa juma moja. Ndani ya mchezo kulikuwa na masomo kumi na mawili, na kila somo ukilifaulu linawekewa alama ya kijani. Kama Pini angepata alama zote kumi na mbili ndani ya juma, yeye ndiye angekuwa rubani. Kama asingepata, kaka angekwenda na Mrefu hivyo hivyo.

Masomo manne ya kwanza Pini aliyafaulu kwa jasho lake mwenyewe. Alijifunza kuwasha injini, kuruka, kugeuka, na kukunja magurudumu. Kila jioni alichukua simu ya mama, akapiga picha ya alama zake, akamtumia kaka, na kaka akamjibu kwa maneno matamu ambayo siku za kawaida hakuwa nayo. Mama alikuwa akishona pembeni huku akimwangalia kwa kujiibia, akifurahi bila kusema.

Somo la tano lilikuwa kutua, na hapo mambo yakaharibika. Ndege ilikuja vizuri, magurudumu yakashuka, uwanja ukaonekana mbele. Kisha, karibu kabisa na ardhi, pua ya ndege ikageuka kulia yenyewe, bawa likainama, na ndege ikajibwaga. Alijaribu tena. Ikajibwaga. Siku mbili zilikwisha hivyo, na Pini hakuelewa kosa lake liko wapi, maana mikono yake ilifanya kila kitu kama ilivyoandikwa.

Siku ya tatu, akipekuapekua ukurasa wa mipangilio, alikuta mstari ulioandikwa Msaada wa rubani. Aliuwasha ajaribu tu. Ndege ikatua yenyewe, laini, huku yeye ameshika kijiti kwa heshima tu. Alama ya kijani ikatokea. Pini aliitazama kwa muda. Alijiambia kwamba angerudia somo hilo baadaye peke yake, akapiga picha, akaituma. Somo la sita alilifanya na msaada pia, na la saba, na baada ya hapo hakujiambia kitu tena. Juma lilipoisha alikuwa na alama zote kumi na mbili, na nane kati ya hizo hazikuwa zake.

Kaka alipiga simu akiwa na furaha ambayo Pini aliisikia mpaka tumboni. Alisema ameshamwambia Mrefu atafute mwenzake mwingine, na Mrefu ameshampata. Alisema hajawahi kujivunia mtu kama anavyojivunia dada yake. Mwisho, kama jambo dogo, alisema kwamba mashindanoni misaada yote itafungwa, lakini hiyo haimhusu Pini.

Kesho yake Pini alikaa kwenye kompyuta na msaada umezimwa. Alianguka mara tisa. Mara ya tisa alilia, si kwa sauti, lakini mama alizima cherehani.

"Anza tena," mama alisema. "Safari hii nitatazama huko chini, sitatazama hiyo skrini."

Pini akaanza. Ndege ilipokaribia uwanja ilipungua mwendo, ikaanza kuzama, na mama akacheka kicheko kidogo cha huruma.

"Huo mguu wa kulia unafanya nini?"

Pini akatazama. Mguu ulikuwa umelikanyaga kanyagio mpaka mwisho.

"Unashona, mwanangu. Ukiona mwendo umepungua unakanyaga. Hilo nimekufundisha mimi mwenyewe tangu una miaka minane."

Ilikuwa kweli. Kwenye cherehani, ukikanyaga zaidi sindano inakwenda mbio zaidi, na mguu wa Pini haukujua lugha nyingine. Ila kwenye ndege, kanyagio la kulia haliongezi kasi hata kidogo, linageuza pua kulia. Kasi iko mkono wa kushoto, kwenye wenzo. Kila ndege ilipotaka nguvu, mkono wa Pini ulikuwa umelala na mguu ulikuwa ukishona suruali. Mtoto mwingine yeyote asingefanya kosa hilo. Pini alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni, mpaka mama alipouliza swali alilokuwa akilingojea kwa hofu.

"Na zile alama ulizomtumia kaka yako, ulizipataje kwa mguu huo?"

Pini akamweleza. Mama hakupandisha sauti. Alitoa pini mbili zilizokuwa midomoni mwake, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, akasema kwamba mtu wa kuambiwa hayo si yeye, na kwamba mtaa wa pili si mbali.

Pini alikwenda kwa miguu, akipita polepole mbele ya kila duka. Alimkuta shangazi akipiga pasi na kaka akiwa amejichorea ramani ya uwanja kwenye karatasi. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, lakini yote yalimtoka kichwani.

"Kaka, zile alama si zangu. Nne ndizo zangu. Nane ni za mashine, niliwasha msaada."

Kaka aliweka kalamu chini. Shangazi aliendelea kupiga pasi mahali pamoja mpaka harufu ikaanza kusikika, akaiinua pasi haraka.

"Nimemwacha Mrefu kwa sababu yako," kaka alisema.

"Najua."

"Ungeniambia juma lile ningesikitika kidogo tu. Sasa nimeumia, Pini. Nimeumia kweli."

Pini alisimama pale akiangalia vidole vya kaka vilivyochungulia kwenye plasta, na aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Shangazi alisema hamtetei mtu, lakini mtoto hakukamatwa, amekuja mwenyewe, na zimebaki siku kumi na nne, na wenye akili wangeanza kuzihesabu. Kaka aliomba apewe magongo yake.

Ngazi sitini na mbili kaka alizipanda kwa makalio, kinyumenyume, akisota moja baada ya nyingine, mguu wa plasta ukiwa mbele yake. Pini alibeba magongo, shangazi alibeba mito minne, na jirani wa ghorofa ya pili alitoa kiti ili mgonjwa apumzike katikati ya safari. Walipofika juu kaka alikuwa amelowa jasho na suruali imeisha nyuma. Mama aliitazama ile suruali kwa jicho la kikazi, akasema itatiwa kiraka, kisha akamkumbatia mwanawe kana kwamba ametoka vitani.

Mazoezi yalipangwa na mama, ambaye hakujua kuruka wala kutua. Alisema mtu anayejifunza kushona huanza bila uzi. Unachora mistari kwenye karatasi, unatoa uzi kwenye sindano, na mwanafunzi anafuata mistari mpaka matundu yanyooke. Ukimpa uzi na kitambaa siku ya kwanza, anaharibu kitambaa na moyo wake pia. Kwa hiyo waliondoa makombora yote. Siku kumi na mbili nzima Pini aliruka bila kombora hata moja. Aliufuata mto uliokuwa kwenye mchezo, kona kwa kona, miguu mitupu ili asikie kila anachokanyaga, na kila jioni alitua mara ishirini. Mama alipiga marufuku pia cherehani. Sketi arobaini za sare zilikuwa zikisubiri pindo, na akazishona zote peke yake ili mguu wa binti yake upate kusahau. Pini, aliyekuwa ametafuta visingizio vya kukwepa pindo miaka minne, aliona uchungu kumtazama.

Kaka alikaa nyuma yake na mgongo ameugeuzia skrini, kwa kuwa mashindanoni mtu wa nyuma angeona rada tu. Alimfundisha kusema. Kila baada ya dakika moja aliuliza, kimo, kasi, mafuta, na Pini alijibu kwa namba. Siku za kwanza Pini alikuwa na tabia ya kuzipamba namba. Akiwa chini sana alisema yuko sawa. Akiwa amechelewa alisema anafika. Siku moja kaka aligeuka ghafla, akakuta ndege imebakiza kidogo iguse miti.

"Usiniambie ninachopenda kusikia," alimwambia. "Mimi huku nyuma sioni kitu."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwingia Pini zaidi. Kuanzia hapo alianza kusema namba mbaya kwa sauti ile ile ya namba nzuri. Siku ya kumi alitua mara ishirini bila kuanguka hata moja, na siku ya kumi na tatu walirudisha makombora.

Jumamosi ya mashindano ukumbi wa chuo ulijaa. Jozi zilikuwa nane. Kila jozi ilikaa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa, na mazungumzo yao yalitolewa kwenye vipaza sauti ili watazamaji wafuate. Kazi ilikuwa kuangusha ndege sita zisizo na mtu ndani na kurudi uwanjani. Kila ndege ilikuwa na alama zake, lakini aliyeshindwa kurudi alipoteza nusu ya alama zote. Mama aliketi safu ya pili na shangazi, akiwa na kazi ya mkono mapajani, ingawa sindano haikusogea.

Pini aliruka vizuri. Miguu ilitulia. Kaka alisoma rada, akamwambia aende wapi, akarusha. Ya kwanza ikaanguka, ya pili, ya tatu. Kwa ya nne walilazimika kupanda juu sana, na Pini alisukuma wenzo mpaka mwisho, injini zikawaka moto wa ziada. Waliipata ya nne, wakaipata ya tano. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Ya sita iko mbele yetu, kilomita thelathini," kaka alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ile ile ya siku ya simu. "Tukiipata hii tumeshinda. Kimo?"

"Elfu nne."

"Kasi?"

Pini alimwambia.

"Mafuta?"

Pini alitazama kipimo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haujaurudisha wenzo tangu ile ya nne. Moto wa ziada ulikuwa ukinywa mafuta muda wote huo. Yalipaswa kuwa kilo elfu moja na mia mbili. Yalikuwa mia saba, na kurudi nyumbani kulitaka hizo zote. Alijua kaka anasubiri kusikia elfu moja na kitu. Alijua pia kwamba angeweza kuisema, na kaka angerusha, na watu wangepiga makofi, na kuanguka kungekuja baadaye. Na ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza.

"Mia saba," alisema. "Nilisahau wenzo juu. Kosa ni langu."

Kaka aliondoa kidole kwenye kitufe cha kurushia.

"Geuza," kaka alisema. "Twende nyumbani."

"Na ya sita?"

"Iache. Geuza, Pini. Nakupa njia."

Walirudi wakiwa wamepunguza kila kitu. Kaka alimwongoza kwa sauti ya chini, kidogo kushoto, nyoosha, hapo hapo. Uwanja ukaonekana. Ndege ikapungua mwendo, ikaanza kuzama, na Pini akausikia mguu wake wa kulia ukitaka kufanya kazi yake ya zamani. Akautuliza. Mkono wa kushoto ukasukuma wenzo kidogo, pua ikabaki imenyooka, magurudumu yakagusa, yakaruka kidogo, yakagusa tena. Kabla hawajafika mwisho wa uwanja injini zilizimika zenyewe kwa kukosa mafuta, na ndege ikasimama.

Jozi tano ziliifuata ile ya sita na kuishiwa mafuta angani, mojawapo ikiwa ya Mrefu, ambaye aliruka kwa mwamvuli akicheka mwenyewe. Mbili ziliipata na kurudi salama. Pini na kaka wakawa wa tatu. Kaka alimrukia dada yake kwa mguu mmoja na nusura waanguke wote wawili.

Watu walipoanza kutawanyika Pini alimfuata mama yake. Alikuwa na furaha, lakini kuna jambo lilimkera, naye alikuwa mtu wa kusema linalomkera.

"Ukumbi wote umenisikia nikisema nimekosea," alisema.

"Hata mimi nimesikia." Mama aliikunja kazi yake, akaiweka kwenye mkoba. "Kaka yako alikuwa amekaa nyuma yako, mguu mbovu, haoni mbele, haoni mafuta. Alichokuwa nacho ni maneno yako tu. Ungempa ya uongo angeyafuata mpaka mkaanguka, tena akifurahi, kama alivyofurahi juma lile la alama. Leo umempa ya kweli na amejua pa kukupeleka. Kazi utaikosea mpaka uzeeke, Pini. Mimi ni fundi na juzi nimekata mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Kukosea hakujanifukuzia wateja. Ningewaficha, wangekuwa wameshaondoka wote. Mtu akikuamini mpaka akakaa nyuma yako, mwambie kinachoonekana. Hayo mengine mtayatengeneza pamoja."

Pini alimkumbatia mama yake pale pale mbele za watu, jambo ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili halifanyi hivi hivi, kisha akakimbia kumshikia kaka mlango, maana chumba cha pili mwalimu wa chuo alikuwa ameshaanza kuandika majina ya watakaokwenda chuo cha marubani.